Mambo ya Nyumba: Kikulacho Ki Nguoni Mwako



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza habari za maji ya kunywa. Mwezi huu twataka kuwaonya juu ya adui mdogo akaaye nasi chini ya dari moja, ambaye hula mchana na usiku bila ya kualikwa wala kusikika. Adui huyu ni mchwa, pamoja na wenzake waharibuo miti ya nyumba. Wazee wetu walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Sababu ya kuchagua habari hii ni barua ya mwalimu mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, akaaye upande wa Muheza katika mkoa wa Tanga. Yeye na mkewe waliweka akiba kwa muda wa miaka 9 wapate kununua nyumba yao wenyewe. Nyumba ikapatikana: kuta za matofali, paa la mabati, vyumba vinne, na rangi nyeupe mpya kila mahali. Mwenye nyumba, mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, alitaka kuiuza apate kwenda kukaa kwa binti yake. Bei walikwisha kupatana. Ilibaki kutoa fedha tu. Lakini siku ile ya kuitazama nyumba, mke wa mwalimu aliegemea mwimo wa mlango, akasikia mti umebonyea chini ya rangi. Basi wakatuuliza: je, jambo hili ni la kutia hofu, au ni dogo tu?

Hatukutaka kujibu kwa karatasi. Tulikwenda Jumamosi moja pamoja na fundi seremala tumjuaye. Tuliyoyaona huko ndiyo tuyaandikayo hapa, ili kila mtu anunuaye nyumba, au aliyerithi nyumba, au mwalimu aliyepewa nyumba ya shule, ajue namna ya kuikagua.

ADUI WENYEWE

Yafaa kwanza tuwajue adui zetu, maana kila mmoja ana desturi zake, na dawa ya huyu haimfai yule. Wako wanne.

Wa kwanza ni mchwa wa udongoni. Watu wengi hudhani kwamba mchwa ni ndugu ya siafu na sisimizi, lakini sivyo. Wataalamu wa siku hizi wamehakikisha kwamba yu katika ukoo wa mende. Hukaa kwa makundi makubwa ardhini. Kundi lina mfalme na malkia, askari wenye vichwa vikubwa, na wafanya kazi wengi sana, weupe, laini, wasioona. Malkia wa vichuguu vyetu vikubwa aweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku moja. Wafanya kazi hukata mti, majani makavu na karatasi, wakavipeleka nyumbani. Na wale wajengao vichuguu vikubwa hawali tu, bali hulima. Hupanda ukungu katika vyumba vyao vya chini, na ukungu huo ndio uuvunjavunjao mti uwe chakula laini. Uyoga mkubwa utokeao kwenye vichuguu wakati wa mvua, ambao akina mama huufurahia, hutoka katika shamba hilo la mchwa.

Mchwa huyu ana udhaifu mmoja: ngozi yake ni nyembamba, naye hukauka upesi akipigwa na hewa na jua. Kwa hiyo hatembei wazi. Hujijengea njia ya udongo, kama mshipa juu ya ukuta, ipate kumfikisha kwenye mti bila ya kupoteza unyevu. Njia hiyo ndiyo imsalitiyo.

Wa pili ni mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji udongo wala hajengi njia. Hukaa ndani ya mti wenyewe, katika kabati, dari au fremu ya dirisha, kwa kundi dogo, miaka mingi. Hupenda miji ya pwani kwa sababu ya joto na unyevu wa hewa. Dalili yake ni mavi yake: chembe ndogo, ngumu, kavu, kama mbegu ndogo sana au mchanga mnene, ambazo huzisukuma nje kwa kitundu, zikakusanyika sakafuni. Ukizitazama kwa kioo cha kukuza utaona kila chembe ina pande sita.

Wa tatu ni wadudu wabunguao mbao, walio jamaa ya mbawakawa. Mama hutaga mayai katika mti, na watoto wakila huko ndani hugeuza mti kuwa unga. Kisha hutoka kwa matundu ya mviringo, mengine madogo kama ncha ya sindano nene. Ukiona unga mlaini kama wa mhogo chini ya kiti au fito za mianzi, ndio hao. Hupenda mti mchanga wa nje, yaani sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda. Kiini hawakipendi sana. Dumuzi aharibuye mahindi ni jamaa yao. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, naye alionekana Tanzania upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu naye hutoboa mti, kwa hiyo ghala iliyojengwa kwa miti yaweza kumficha hata baada ya mahindi kwisha.

Wa nne si mdudu. Ni kuvu iozeshayo mti. Mbegu zake zimo katika hewa kila mahali, lakini hazioti pasipo maji. Mti ambao maji yake hayafiki sehemu 20 katika kila 100 za uzito wake mkavu hauozi. Kwa hiyo mtu akiona mti uliooza asiulize kwanza habari za dawa. Aulize, maji haya yametoka wapi?

VYOMBO VYA KUKAGULIA

Havina gharama kubwa. Chukua tochi yenye mwanga mkali, bisibisi ndefu, nyundo ndogo, ngazi, na karatasi na kalamu ya kuandikia uliyoyaona. Tena chukua subira. Nyumba ya vyumba vinne haikaguliwi kwa nusu saa.

Tulipofika, mwalimu alimwamkia mzee, "Shikamoo, baba." Naye akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni." Tukamweleza shauri letu waziwazi, maana si adabu kupekua nyumba ya mtu bila ya idhini yake. Akacheka kidogo, akasema, "Tazameni mpendavyo. Nyumba hii nimelala ndani yake miaka ishirini na haijanifanya neno."

NJE

Tulianza nje, tukaizunguka nyumba yote kwa miguu, tukiutazama msingi hatua kwa hatua. Hapa mambo ya kutafuta ni haya: njia za udongo zipandazo ukutani, mti wowote ugusao ardhi, udongo au maua yaliyorundikwa juu kupita msingi, maji ya paa yadondokayo karibu na ukuta, visiki vya miti iliyokatwa na kuachwa ardhini.

Upande wa mbele ulikuwa safi. Upande wa jikoni tulikuta kuni zimepangwa vizuri, zimeegemea ukuta. Fundi akaomba ruhusa kuziondoa. Nyuma yake zilikuwako njia tatu za udongo, nene kama kidole, zikitoka ardhini na kuingia katika ufa uliokuwa chini ya dirisha. Fundi alibomoa kipande cha njia moja kwa bisibisi, nao wafanya kazi weupe wakatawanyika mbele ya macho yetu.

Na hapa twataka kuwafundisha jaribio jepesi. Ukiikuta njia ya udongo na hukuona mchwa ndani, usiseme kwamba wamehama. Bomoa kipande cha urefu wa kidole, uache. Rudi baada ya siku chache. Ikiwa pengo limezibwa kwa udongo mbichi, wamo. Ikiwa halikuzibwa, njia hiyo labda imeachwa. Lakini huenda wana njia nyingine, kwa hiyo usiishie hapo.

NDANI

Ndani ya nyumba tulianza na miimo ya milango. Kazi ni ya sikio na mkono. Gonga mti kwa mpini wa nyundo, toka chini hata juu. Mti mzima hulia kwa sauti ya kujaa. Mti ulioliwa hulia kwa uwazi, kama debe tupu. Palipo na mashaka, bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Mchwa huacha uso wa mti, mara nyingine ukibaki mwembamba kama karatasi, nao huonekana mzuri kwa rangi yake. Rangi mpya haikuonyeshi kitu, na pengine yaficha mengi.

Mwimo ule alioegemea mke wa mwalimu ulipokea bisibisi kama mkate upokeavyo kisu. Mwingine wa chumba cha watoto ulikuwa vivyo hivyo mpaka usawa wa goti. Milango mingine miwili haikuwa na neno. Ilikuwa ya mninga, na mninga ni katika miti ambayo kiini chake mchwa hukikataa, kama vile mvule na msaji. Msaji wa shamba la Longuza, lililo huko huko Muheza, watu wa Tanga waujua. Lakini hakuna mti usioliwa kabisa. Na hata mti mwema, sehemu yake nyeupe ya nje huliwa.

Kisha tazama madirishani na juu ya sakafu, uone kama kuna mabawa ya kumbikumbi. Hapa pana neno la kuangalia. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa watokao kwenda kuanza makundi mapya baada ya mvua, na kila mtoto wa nchi hii amepata kuwala. Wakija usiku kwa sababu ya taa, wakiingia kwa dirisha, si dalili ya ubaya. Lakini wakitoka katika ufa wa ukuta, au chini ya sakafu, au ndani ya mti, jua kwamba kundi liko karibu na pengine chini ya miguu yako.

Usisahau masanduku ya vitabu na karatasi. Karatasi ni mti uliopondwa, na kwa mchwa ni chakula chepesi. Sisi wenyewe tulipata hasara hiyo zamani: sanduku moja lililowekwa sakafuni kwa msimu mmoja wa masika, na tulipolifungua, daftari za hesabu za miaka kadha zilikuwa udongo mtupu, ila majalada. Hati ya shamba na vyeti vya watoto visikae sakafuni wala visiegemee ukuta.

JUU

Watu wengi hukagua nyumba kwa urefu wa macho yao, wasipande juu. Nako ndiko kuliko na hatari ya roho za watu, kwa kuwa mlango ulioliwa huanguka peke yake, lakini boriti iliyoliwa humwangukia mtu.

Fundi alifungua kipande cha dari, akapanda na tochi. Tulimsikia akigonga kenchi moja moja, na sisi chini tukahesabu. Zilikuwa 8. Tano zililia kwa sauti njema. Tatu za upande wa magharibi zililia kama debe. Fundi akaita, "Mwalimu, panda uone mwenyewe." Mwalimu akapanda. Bisibisi ilikuwa imezama katika boriti ya kulala mpaka mpini.

Habari yake ilikuwa hivi. Mbao zile zilikuwa za msonobari usiotiwa dawa. Msonobari ni mti mwema kwa kujengea, nao hukuzwa kwa wingi katika nchi yetu, hasa katika shamba kubwa la Sao Hill huko Mufindi. Lakini ukitumiwa bila ya dawa mchwa huupenda mno. Upande ule bati mbili zilikuwa zimelegea misumari, na maji yalikuwa yakidondoka kidogo kidogo kila masika. Mti ukawa na unyevu. Kuvu ikaanza kazi yake, na mchwa waliopanda kwa njia ya ndani ya ukuta, nyuma ya mwimo wa mlango, wakaikuta karamu tayari. Ndivyo iwavyo mara nyingi: adui hawa hawaji mmoja mmoja, na maji ndiyo yawafunguliayo mlango.

Jambo hili hulijua pia watu wa nyumba za kale za Unguja na Lamu. Dari zao zimeshikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, vikawa virefu na vyembamba. Mkoko ni mti mgumu. Lakini paa likivuja na maji yakaingia katika ukuta wa mawe na chokaa, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza mahali pasipoonekana, hali katikati ya boriti ni nzima. Kwa hiyo ukaguapo nyumba ya namna hiyo, usigonge katikati tu. Gonga karibu na ukuta.

SHAURI LILILOTOKEA

Tuliposhuka, mzee alikuwa amekaa barazani. Fundi alimweleza yote kwa heshima, bila ya kumshutumu. Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kitanda changu ki chini ya miti hiyo." Akasema tena kwamba rangi aliipaka nyumba ipendeze machoni pa mnunuzi, si kwa kuficha neno, nasi twamwamini, maana mtu hajifichi kwa kulala chini ya boriti iliyooza.

Mwalimu alikuwa katika shida. Fedha ya miaka 9 si fedha ya kuchezea, na watoto wake watatu wangelala katika chumba kile. Wako ambao wangekwenda zao. Wako pia ambao wangeyatumia yale waliyoyaona ili kumnyang'anya mzee nyumba kwa bei ya bure. Yeye hakufanya hili wala lile. Alimwomba fundi aandike hesabu ya kenchi tatu, miimo miwili, mabati mawili na kazi yake yote pamoja na ya mtu wa dawa; kisha yeye na mzee wakapatana kwamba hesabu hiyo itolewe katika bei, na kwamba fedha isitolewe yote mpaka kazi iishe. Wakaandika, wakashuhudisha watu wawili. Na jioni ile ile, kabla hatujaondoka, tulimsaidia mzee kuhamisha kitanda chake chumba cha mashariki.

KINGA NA DAWA

Sasa twaeleza kwa ufupi yapasayo kufanywa.

Kwanza, tenga mti na ardhi. Nguzo ya baraza isizikwe udongoni; ikalie jiwe au saruji. Kuni ziwekwe mbali na ukuta, juu ya mawe. Ukingo wa nyumba uwe wazi, bila ya majani wala takataka, ili njia za udongo zionekane zikianza.

Pili, ondoa maji. Ziba paa livujalo, safisha mifereji ya bati, acha hewa ipite darini. Hili peke yake litaizuia kuvu.

Tatu, ujengapo nyumba mpya, ng'oa visiki na mizizi yote chini ya sakafu kabla ya kumwaga saruji, na ununue mbao zilizotiwa dawa kwa nguvu ya mashine. Mbao iliyopakwa dawa kwa brashi imevaa dawa kwa nje tu, na ukiikata kwa msumeno umefungua mlango.

Nne, jihadhari na dawa za zamani. Aldrini, dieldrini na kulodani zilisifiwa sana kwa kuua mchwa, lakini zilionekana kuwa hazipotei. Hukaa ardhini miaka mingi na kuingia katika miili ya wanyama na watu. Kwa hiyo zimo katika orodha ya sumu zilizokatazwa na Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001, yaliyoanza kutumika mwaka 2004. Mtu akikuuzia dawa katika chupa isiyo na jina, usinunue. Wala usimwage oili chafu ya magari kuzunguka nyumba. Huharibu udongo na kisima. Dawa ya mchwa itiwe na mtu aliyefundishwa, aliye na ruhusa, ajuaye kipimo.

Tano, wengi huuliza habari za kuchimba kichuguu na kumtoa malkia. Pengine hupatikana nafuu, lakini makundi mengine huweza kujipatia malkia mwingine, na mchwa walao nyumba yako huenda hawatoki katika kichuguu ukionacho. Tena si kila mchwa ni adui. Huko shambani na porini hugeuza majani makavu na miti iliyokufa kuwa rutuba. Tuwazuie nyumbani, tusiwafukuze duniani.

Mwisho, kagua kila mwaka. Mwalimu yule sasa yumo katika nyumba yake. Ametuandikia kwamba kila masika yakiisha, yeye na watoto huizunguka nyumba kwa tochi na bisibisi, na mdogo wao ndiye mwenye kazi ya kugonga milango na kusema kama inalia kwa kujaa au kwa uwazi. Mwaka huu waliona njia moja ya udongo, urefu wa shibiri, nyuma ya pipa la maji. Wakaibomoa siku ile ile na kumwita fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nasi twawaomba ninyi wasomaji, na hasa ninyi walimu mkaao katika nyumba za shule na kufundisha chini ya paa zilizojengwa na watu waliokwisha kuondoka: Jumamosi ijayo chukueni ngazi, mpande, mgonge. Mkipata neno la kutuambia, tuandikieni.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza habari za moshi wa jikoni na macho ya watoto.